Kitanda cha Hariri na Vyombo vya Mama

Mama alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Yaani watu wanalipa kiingilio waone rangi inayobanduka?"

Nilikuwa likizo, nyumbani Igoma, Mwanza, namsimulia Calke Abbey, jumba la kifahari la mashambani lililoko Derbyshire, Uingereza, si mbali na ninakoishi. Lilijengwa kati ya 1701 na 1704. Ukoo wa Harpur Crewe ulikaa humo vizazi na vizazi bila kutupa kitu: ndege waliokaushwa kwenye makabati ya vioo, vichwa vya wanyama ukutani, vyumba vimejaa makorokoro hadi mlangoni. Mwenye nyumba alifariki 1981, kodi ya urithi ikamshinda mdogo wake, na 1985 jumba likaenda kwa National Trust, wanaotunza majumba ya kale. Hawa wakaziba paa lisivuje, basi. Kupaka rangi upya wakakataa, na karatasi za ukutani zimeachwa zikichanika vilevile.

Kilichomnyamazisha Mama ni kitanda. Kina mapazia ya hariri ya China, yametariziwa, ya karne ya 18. Yalikutwa ndani ya kasha, rangi zinang'aa kama za jana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyatundika.

Nikatazama kabati lake. Seti ya vyombo niliyomtumia miaka sita iliyopita imo, bakuli moja bado lina kibandiko cha bei. Ya wageni, eti. Na mimi niliyetoka Ulaya nanywea kikombe cha plastiki!

Kesho yake tukapanda daladala hadi Kisesa, kisha bodaboda mpaka Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padre David Clement kutoka Kanada. Banda la watemi, lenye umbo la kiti cha enzi, Mama alilipita kama kituo cha basi. Alitaka msonge.

Calke kila chumba kina mzee wa kujitolea wa kukueleza. Hapa kijana muongozaji alianza vizuri, ila hakuifikia sentensi ya pili. Mama alishapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. "Husukumi kwa mikono, mwanangu. Unasukuma kwa kiuno." Akasukuma mara tatu, jiwe likakwaruza kavu. Kijana akatoa simu, akaanza kumrekodi.

Tuliporudi nikaomba chai kwenye seti ya kabatini.

"Siku ukiniletea mkwe," akasema.