Mita ya gesi inakula hata boila ikiwa imezimwa

Kila Oktoba hapa Uingereza wazee wetu wanaoishi kwa pensheni hutia pauni 10 kwenye mita ya gesi, na mita ikaonyesha pauni 2 au isionyeshe kitu. Wengi husema wameibiwa. Hawajaibiwa, wamekatwa stendingi chaji, ada ya kuunganishwa tu, inayohesabiwa Julai sawasawa na Januari. Aliyezoea LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, anaijua kodi ya jengo inayomsubiri anaponunua umeme. Hii ni ndugu yake, ila yenyewe ni ya kila siku. Kwa viwango vya Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, vya miezi mitatu ya mwisho ya 2025, ilikuwa karibu pensi 34 kwa siku upande wa gesi na karibu pensi 54 upande wa umeme.

Piga hesabu. Boila, mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba, imezimwa Juni, imewashwa tena Oktoba: siku 122 kwa pensi 34 ni pauni 41 na ushei. Ukitumia na mkopo wa dharura wa mita, nao unarudishwa kwanza kabla hujapata joto lolote. Dawa yake, kwa viwango hivyo, ni kutia pauni 10 au 11 kwenye gesi kila mwezi wa kiangazi, hata kama hupiki kwa gesi. Deni likiwa limeshaingia, usingoje mita izime. Piga simu kwa kampuni, taja kipato chako cha wiki na matumizi yako, uombe makato ya deni yapunguzwe. Sheria za Ofgem zinawataka waangalie uwezo wako wa kulipa, kwa hiyo usikubali kiasi cha kwanza wanachokutajia kama hukiwezi.

Sasa fedha zinazoachwa mezani. Mlango mkubwa ni Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa mstaafu mwenye kipato kidogo: kwa mwaka wa 2025/26 ilimfikisha mzee anayeishi peke yake kwenye pauni 227.10 kwa wiki, na mume na mke pauni 346.60. Aliyechelewa kuomba anaweza kulipwa miezi 3 ya nyuma kama alikuwa na haki tangu wakati huo. Mtu akikosa kwa pauni chache aombe tu, kwa sababu ulemavu, kumtunza mgonjwa na baadhi ya gharama za nyumba hupandisha kiwango. Mwenye viza iliyoandikwa kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma asijaze fomu hiyo kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji.

Pension Credit ikipatikana, kwa England na Wales inavuta mengine. Warm Home Discount ni pauni 150 zinazopunguzwa kwenye bili ya umeme, na hapa ndipo familia zetu zinapokwama. Jina la kwenye akaunti ya umeme liwe la mzee mwenyewe au la mwenzi wake. Nyumba nyingi bili iko kwa jina la kijana, eti kwa sababu ndiye anayejua Kiingereza cha simu. Mzee anakosa pauni 150 kila mwaka kwa ajili hiyo. Jina libadilishwe mapema, kwani siku ya kuangalia huwa Agosti, na kijana aandikishwe kama mtu anayeruhusiwa kuzungumza na kampuni kwa niaba yake. Ipo pia Cold Weather Payment, pauni 25 kwa kila siku 7 mfululizo ambazo wastani wa baridi ni sifuri au chini, kati ya 1 Novemba na 31 Machi. Hiyo huja yenyewe.

Tuje kwenye boila. Ile ya kisasa isiyo na tangi la maji moto huwa na vipimo viwili: alama ya bomba ni ya maji ya kuogea, alama ya radieta ni ya joto la nyumba. Mafundi wengi huacha cha radieta kwenye nyuzi 75 au 80. Kishushe hadi 60. Maji yakirudi kwenye boila chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke wa moshi unageuka maji na joto lake linarudi kazini badala ya kutoka nje kwa bomba. Radieta zitakuwa vuguvugu na nyumba itachelewa kupata joto, hilo ni kawaida, washa mapema nusu saa. Mwenye tangi la maji moto asishushe hivyo bila fundi, kwa sababu maji ya tangi yasipofikia 60 bakteria wa legionella, wanaoleta homa ya mapafu, wanaweza kuzaliana.

Radieta ikiwa baridi juu, moto chini, ina hewa. Zima, iache ipoe, shika kitambaa, fungua skrubu ya pembeni robo mzunguko kwa ufunguo wake mpaka hewa iishe na maji yatoke, kisha funga. Halafu angalia geji ya presha ya boila: ikiwa chini ya 1, ongeza maji mpaka 1 na nusu, la sivyo boila inaweza kugoma kuwaka. Ikiwa baridi chini, moto juu, ni matope ya kutu. Hapo kutoa hewa hakusaidii, mwite fundi.

Hita ndogo za umeme ndizo zinazomaliza pensheni. Ya kilowati 2 inakula uniti 2 kwa saa, karibu pensi 53 kwa viwango vya mwisho wa 2025. Saa 5 kila jioni ilikuwa kama pauni 79 kwa mwezi. Na usidanganywe na hita ya mafuta inayouzwa kwamba “inabana matumizi”: uniti moja ya umeme inatoa joto lilelile humo na kwenye ya feni ya bei poa. Blanketi la umeme la wati 100 kwa saa 3 lilikuwa pensi 8 kwa viwango hivyo. Kwa mzee anayekaa kitini akitazama taarifa ya habari, hilo ndilo la kununua.

Ila msizibe matundu ya hewa ya madirisha kwa magazeti. Mvuke wa wali na wa nguo zinazoanikwa ndani hutua kwenye ukuta wa baridi, kuvu nyeusi ikaanza nyuma ya kabati. Funika sufuria, washa feni ya jikoni, na fungua dirisha dakika 10 baada ya kupika.