Bata wa mayai, Mabogini: majibu ya maabara na banda jipya

Majibu ya vipimo vya bata wangu waliokuwa wakifa yametoka maabara ya veterinari Arusha. Ni Pasteurella multocida, yaani kipindupindu cha kuku, na bata nao wanakufa nacho. Afisa mifugo alikuwa ameshahisi alipompasua bata wa mwisho kufa: ini limejaa vidoa vyeupe vidogo kama chembe za sembe, mafuta ya kwenye moyo yana matone ya damu. Bata mwenyewe mnene, yai limo tumboni. Ukija kwa ghafla ugonjwa huu hausubiri mnyama akonde. Jioni anakula, asubuhi mzoga.

Nilipomuuliza dawa akanijibu, "Dada, nionyeshe kwanza maji yao."

Maji ndiyo kesi yenyewe. Mfereji unaotoka majarubani unapita nyua za watu kabla ya kufika kwangu, kisha unajaza dimbwi ambamo bata wanaogelea, wananya na kunywa humohumo. Dimbwi nimelifukia. Sasa wanakunywa ya bomba, kwenye ndoo iliyokatwa ikabaki na kina cha kuzamisha mdomo hadi puani, maana bata asipoosha pua na macho anaota tongo. Chini ya ndoo nimemwaga changarawe na kuweka waya juu yake, maji yanayorushwa yazame yasiloweshe maranda. Maranda ya zamani yamechomwa, sakafu imepigwa chokaa na kuachwa juani. Bakteria huyu hastahimili jua na ukavu. Kwenye tope na mizoga ndiko anakodumu.

Panya nao wanambeba, kwa hiyo pumba imehamia kwenye pipa lenye kifuniko.

Vipimo vilionyesha antibiotiki ya oksitetrasaiklini bado inamuua bakteria huyu, tukawapa bata dozi kamili. Mayai ya kipindi cha dawa, pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, hayauzwi. Wateja wangu wa Mbuyuni wamenuna, na wanune tu. Jirani ananishauri niwe nawapa kidogo kila mwezi "kama kinga". Hapana. Hiyo ni kufuga usugu, bakteria azoee dawa, na siku ugonjwa ukirudi sitakuwa na cha kuwapa.

Vifo vimekoma, utagaji bado uko chini. Kinachonisumbua ni hawa waliopona: wanaweza kubaki na bakteria bila dalili yoyote. Kwa hiyo vifaranga wapya hawachanganywi nao hata kidogo. Watakaa kwenye banda jipya upande wa pili wa kiwanja, na ndoo zao na gamubuti zao, na nitaanza kuwahudumia wao kabla sijagusa wakubwa. Fundi anakuja Jumamosi kupiga bati.