Maneno Niliyoyacheka

Mwezi wa Agosti mwaka 2016 nilikuwa nafundisha Fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro, na mchana wa siku ya Ijumaa nikapata ujumbe kwamba baba mkubwa amelazwa Dodoma na hali yake si nzuri. Mabasi makubwa yalikuwa yameshapita. Pale stendi ya Msamvu ilibaki Coaster moja iliyokuwa ikiita abiria wa Gairo, Kibaigwa na Dodoma, nami nikapanda bila kukagua chochote: sikuangalia matairi, sikuangalia taa, wala sikuangalia kama kiti nilichopewa kina mkanda. Kilikuwa safu ya pili nyuma ya dereva, upande wa dirishani. Nakitaja kwa sababu miaka miwili baadaye nilitakiwa kukionyesha kwenye mchoro mbele ya hakimu.

Hadi Dumila tuliendeshwa na mtu mzima, mkimya, ambaye hakuwa na haraka. Hapo aliteremka, akanunua karanga za kukaanga, kisha badala ya kurudi kwenye usukani akaenda kujilaza kiti cha nyuma kabisa, na kijana aliyekuwa akitukusanyia nauli ndiye akaketi mbele. Watu wa stendi humwita mtu wa namna hiyo deiwaka: hana mkataba wala mshahara, hushikishwa gari ili mwenye kazi apumzike, na jioni hupewa chochote kilichopatikana. Hakuna abiria aliyeuliza. Nadhani wengi wetu tulifurahi, kwa sababu kijana alikuwa mwepesi, na kila mmoja alikuwa na mahali alipochelewa.

Kwa kuwa magari yaliyotoka mbele yalikuwa yakimwashia taa kumjulisha kwamba trafiki wamekaa na tochi ya kupimia mwendo, alikuwa akifika kwenye kibao cha 50 kwa adabu zote, anampungia askari mkono, na akishamaliza nyumba za kijiji anakanyaga mafuta mpaka vioo vinatetemeka. Abiria walimsifu. Mmoja alisema kwamba huyu ndiye dereva, yule mzee angetulaza njiani.

Gairo alipanda mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kiroba cha viazi vitamu, akakaa kiti cha pembeni karibu na mlango, mbele yangu kidogo. Alikuwa anakwenda Kibaigwa, alikokuwa na kibanda cha chakula karibu na soko la mahindi. Hatukuwa tumekwenda mbali alipomwambia kijana maneno machache kuhusu mwendo. Aliyasema kwa upole, kama mama anavyosema na mtoto wa jirani. Mtu wa nyuma akajibu kwamba anayeogopa gari angepanda baiskeli, na gari zima likacheka. Na mimi nilicheka.

Ninapaswa kueleza kwamba mimi, kati ya watu wote waliokuwemo, ndiye niliyekuwa nikilipwa mshahara kwa kuyajua mambo haya. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 katika kila sekunde moja. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi breki ianze kushika, kwa hiyo zaidi ya mita 40 huwa zimeshakwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayotakiwa kumalizwa huongezeka mara nne. Wiki ileile nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa kidato cha tatu na kuwapa maswali matano ya kufanyia nyumbani.

Tulipita Pandambili jua limeshazama. Ulikuwa ule wakati wa magharibi ambao taa za gari hazisaidii sana na macho nayo hayasaidii, barabara na vichaka vinakuwa na rangi moja ya majivu. Kitu cha kwanza nilichokitambua hakikuwa lori. Ilikuwa sauti ya majani yakikwaruza chini ya sakafu ya gari, kama mtu anafagia uwanja kwa ufagio mgumu. Lori lililopakia magunia ya mahindi lilikuwa limekatika ekseli na kusimama palepale njiani, na utingo wake alikuwa amekata matawi mabichi na kuyapanga lami kuwaonya wanaokuja, kama wanavyofanya wengi wasio na pembetatu za kuakisi mwanga. Aliyapanga hatua chache tu nyuma ya tela. Tulipoyakanyaga tulikuwa tumeshafika.

Kijana alikata usukani kulia, na upande wa kushoto wa Coaster, ule wenye mlango, ukaingia chini ya tela. Mimi nilivunjika mfupa wa bega na kupasuka paji la uso. Watu watatu walifariki, mmoja wao mama yule wa viazi. Viazi vyenyewe vilitawanyika barabarani, na katika giza watu waliokuja kutuokoa walikuwa wakivikanyaga na kuteleza. Kijana aliyekuwa akiendesha alitoka kupitia dirishani na hakuonekana tena, si usiku ule wala baadaye.

Kesho yake redio ilisema chanzo cha ajali ni mwendo kasi. Haikuwa uongo. Lakini nimekuja kuichukia kidogo sentensi ile, kwa sababu inafunga mlango mapema, na kinachobaki nje ni wengi: aliyeshikisha usukani mtu asiye na leseni ya daraja C, ambayo ndiyo ya kubebea abiria, aliyeacha lori bila alama wala taa, na mwenye gari aliyeliruhusu litoke stendi na taa moja ya mbele, kwa maana ripoti ya mkaguzi wa magari ilikuja kuonyesha kwamba taa ya kushoto ilikuwa na waya uliokatika zamani, umeshika kutu.

Mimi sikumdai mtu. Nilitibiwa kwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mfupa ukaunga, nikarudi darasani, na muda wa miaka 3 ambao sheria ya ukomo humpa mwenye madai ya madhara kama yangu niliuacha upite wenyewe. Aliyedai ni mume wa mama yule. Kwanza ndugu walimkatisha tamaa, wakimwambia kwamba dereva ametoroka, sasa atamshitaki nani? Alipompata wakili mjini Dodoma ndipo alipoelezwa kwamba hizo ni kesi mbili tofauti. Kesi ya jinai, ya kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, inamtaka dereva mwenyewe kizimbani na inataka ithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Kesi ya madai haimngoji dereva, na hakimu hupima tu ushahidi wa upande upi ni mzito zaidi. Wakili alimwambia, kama mzee alivyonisimulia baadaye, "Dereva amekimbia, baba, lakini gari halikukimbia. Lina kadi, na kadi ina jina la mtu."

Mzee akaenda mahakama ya mwanzo kuteuliwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu madai ya kifo hufunguliwa kwa niaba ya waliokuwa wakimtegemea marehemu na si na kila anayelia. Wakili naye aliiandikia mapema kampuni ya bima iliyokuwa na stika yake kwenye kioo cha Coaster, maana bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni lazima kwa kila chombo cha moto, lakini kampuni isipopewa taarifa ya kesi hupata mwanya wa kukataa kulipa.

Wenye magari walishitakiwa wote wawili, na kila mmoja alimtupia mwenzake mpira. Mwenye lori alisema lori lake lilikuwa limesimama, na kitu kilichosimama hakimgongi mtu. Mwenye Coaster alisema lori lisingekuwepo watu wangefika. Kisha akaongeza hoja ambayo niliiona ya kikatili ingawa nasikia ni ya kawaida: kwamba yule kijana hamjui, hakumwajiri, na dereva aliyemwajiri alikuwa amelala nyuma na hakufanya kosa lolote. Wakili wa mzee alijibu kwamba mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake akiwa kazini, na kumkabidhi usukani mtu asiye na leseni kisha kwenda kulala ni uzembe wa kazini kama kuna uzembe wowote duniani.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kuthibitisha kipato cha marehemu. Mama lishe hatoi risiti. Mzee aliingia mahakamani na daftari la mkewe la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, limefungwa kwa mfuko wa nailoni, kila wiki hisa zake zimegongwa mihuri midogo ya zambarau, bila kuruka hata wiki moja kwa miaka minne. Hakimu alilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Daftari lile lilisema zaidi ya mashahidi wote.

Hukumu ilitoka miezi saba baada ya mimi kutoa ushahidi. Mahakama iligawa lawama: asilimia 70 kwa mwenye Coaster na 30 kwa mwenye lori, na fidia ikapangwa kwa ajili ya mume na watoto wawili waliokuwa bado shuleni. Malipo yalichelewa, yakaja kwa vipande. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya ushahidi wangu.

Niliapa, nikaonyesha kiti changu kwenye mchoro, nikaeleza kuhusu Dumila, taa, matawi. Nilisema pia kwamba kuna abiria alimwonya dereva. Nililipita hilo haraka, nikitumaini kwamba limeandikwa na limekwisha. Ndipo akasimama wakili wa mwenye Coaster, mtu mpole mwenye sauti ya chini, akaniuliza kama nilikuwa nimefunga mkanda. Nikasema kiti changu hakikuwa na mkanda, kilikuwa na matundu ya boliti tu mahali ulipokuwa umefungwa. Akaniuliza mimi ni mwalimu wa somo gani. Nikamwambia.

"Kwa hiyo, mwalimu, ulijua gari linakwenda kasi?"

"Nilijua."

"Ulimwambia dereva apunguze?"

"Hapana."

"Na huyo unayesema alimwonya, ninyi abiria wengine mlimuunga mkono?"

"Hapana. Tulicheka."

"Wewe mwenyewe?"

"Nilicheka."

Akaketi, ameridhika. Hoja yake ilikuwa wazi: abiria walioupenda mwendo hawawezi kuugeuza kuwa kosa la mwenye gari. Niliona aibu ambayo sijaiona tena mbele ya watu, kwa maana mzee alikuwa amekaa benchi la kwanza, kofia yake iko magotini, na mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake. Sikuwa nimemwambia habari ya kicheko. Safari zote mbili alizokuja shuleni kunitafuta, nilimweleza ajali na kumkwepesha hapo.

Hakimu, ambaye alikuwa mwanamke wa umri wa marehemu hivi, aliinua kalamu. Alikuwa akiandika kila kitu kwa mkono, na ilitubidi tungoje kila mara afike mwisho wa mstari. Akasema kwamba mahakama ingependa kujua yule mama alisema nini hasa. Wakili wa mwenye Coaster akainuka kupinga, akadai kwamba huo ni ushahidi wa kusikia. Hakimu akamjibu kwamba shahidi alikuwepo na aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe, na kwamba kama dereva alionywa au hakuonywa ni jambo ambalo mahakama lazima iliamue. Akanigeukia.

"Kwa maneno yake, mwalimu. Polepole, ninaandika."

Kwa hiyo nikayasema polepole, kama ninavyowasomea imla watoto, yale maneno ambayo yalikuwa yametoka na kuzimwa na kicheko katika muda usiozidi kupita kwa nguzo mbili za umeme. Nikasema, "Mwanangu, punguza mwendo." Nikangoja kalamu. "Mimi nafika kwangu." Nikangoja tena. "Kibaigwa haihami."

Mzee, ambaye hakuwa amewahi kuyasikia, aliinua kichwa.

"Haihami?" akauliza hakimu bila kuinua macho.

"Ndiyo, mheshimiwa. Haihami."

Akaliandika.