Jinsi nilivyoacha kuunguza klachi milima ya Marangu

Klachi ya kwanza iliisha ndani ya miezi minane. Nikafunga mpya, na wiki ya tatu harufu ile ile ya kuungua ikarudi pale Marangu Mtoni, nimesimama mlimani nyuma ya Noah inayoshusha ndizi.

Nilimlaumu fundi kwa vipuri feki. Akanijibu, "Kaka, twende wote, endesha wewe." Hatukufika mbali. "Huo mguu wa kushoto unafanya nini hapo?"

Kumbe nilikuwa naupumzisha juu ya pedali ya klachi muda wote. Uzito kidogo tu unatosha kuchosha beringi na kuifanya klachi pleti iteleze. Na mlimani nilikuwa nalishikilia gari kwa nusu klachi, yaani pedali nimeiachia nusu tu, na mafuta kidogo, nikijiona dereva hodari.

Sasa nikisimama mlimani navuta handibreki na kutoa gia. Kuondoka naweka namba moja, naachia klachi taratibu mpaka pua ya gari iinuke kidogo na mlio wa injini uzame. Hapo naongeza mafuta, nashusha handibreki, naimalizia klachi, mguu unarudi sakafuni. Siku za mwanzo gari lilinizimikia mara nne mfululizo, na konda wa nyuma hakunyamaza.

Kushuka Himo natumia namba mbili au tatu, breki hazichemki. Nikirudisha gia ndogo nagusa mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi, gari halishtuki.

Klachi hii ina mwaka wa pili. Ya feki sijamuuliza tena fundi.