Tunda la yago

Juzi usiku mwanangu alitema dawa ya malaria. Dozi ya nne kati ya sita, kidonge cha njano kikaanguka sakafuni nusu kimeyeyuka. Nilikiokota, rangi ikanibaki vidoleni, na mara nikawa Seme, karibu na Kisumu, mwaka wa 1988, nina miaka tisa, nimekumbatia tunda la yago.

Wajaluo tukikosa maiti huzika yago, tunda la mwegea. Tuliyemzika siku hiyo ni mdogo wake babu, ambaye jina lake ndilo langu. Hakushikwa na askari wa chifu. Alijipeleka mwenyewe Kisumu kujiandikisha Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akaishia Burma, Myanmar ya leo, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na mwaka wa 1944, katika mvua zisizokatika za bonde la Kabaw, malaria ikamuua. Risasi haikumgusa. Nyumbani ilifika barua tu. Miaka ikapita, mpaka babu akaanza kumwota amesimama nje ya boma, amelowa, haingii.

Yago lilikuwa refu kama mchi, la kijivu, gumu, zito kuliko nilivyodhani. Walikuwa wamelivisha shati jeupe la babu. Nikapewa mimi, kwa sababu ya jina, nilibebe kutoka mlangoni hadi shimoni. Kile kikonyo chake kirefu kama kamba kilinipiga gotini kila hatua. Mikono ilitetemeka, niliona nikiliangusha nitakuwa nimemuua mara ya pili. Shimoni babu alipiga magoti, akafunga kifungo cha juu kilichokuwa kimefunguka, akalainisha ukosi kwa kidole gumba.

"Omera, ndugu yangu, karibu nyumbani," alisema. "Umechelewa, lakini chakula kipo."

Nyanya akaangua kilio kana kwamba msiba ulikuwa wa asubuhi ile.

Jioni mzee mmoja aliyekuwa naye Keya alituambia kwamba kila siku walipangwa mstari wameze mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, vidonge vya njano vilivyogeuza hata ngozi kuwa ya njano. Askari wakanong'onezana kwamba vinaua nguvu za kiume. Wengi walivificha chini ya ulimi, wakavitema msituni.

"Na yeye?" baba aliuliza.

Mzee aliutazama ule udongo mbichi kwa muda. "Alikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Alitaka kuoa."

Huko Burma, mjini Taukkyan karibu na Yangon, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana. Nikijaliwa kufika, nitalitafuta jina langu.

Nilichukua kidonge kingine, nikakiponda, nikapasha maziwa. Mwanangu alikunja uso lakini akanywa. "Baba, mbona unaniangalia hivyo?" Nilimwambia afungue mdomo, ainue ulimi.