Ile "sawa" yangu

Siku ya sita leo na bado nalirudia lile neno. Si la msimamizi wa madeni yangu. Langu mie.

Mwajua Jumatatu nilikuwa na kikao cha kupitia bajeti upya. Mwezi wa kumi na moja huu tangu itoke amri ya kulipa madeni yangu kwa awamu, kidogo kidogo kila mwezi. Imebaki miezi ishirini na mitano. Msimamizi alikuwa akishuka na kalamu mstari kwa mstari, kodi, maji, stima, haulizi kitu. Kisha kalamu ikasita.

"Hii 'Mama, 3,000' ni nini?"

"Ni mama."

"Mnakaa naye?"

"La, yuko Mtongwe."

"Basi hiyo ni hiari." Akaukata mstari.

Nami nikasema, "Sawa."

Sawa! Kama mtu aliyeulizwa dukani atiliwe mfukoni au abebe hivyo hivyo. Jumanne kwenye feri nilimjibu vizuri sana, kwa ufasaha, mpaka abiria wa pembeni akanitazama. Jumatano nilimjibu tena nikiosha masufuria. Harusi ya binamu imepita, ofisini wametangaza watapunguza watu, mvua imetukatia njia siku mbili nzima, na mie ningali pale kwenye kiti cha plastiki, nasema sawa.

Hiari. Mama ni hiari, gesi ni lazima.

Haya, nimetulia. Ukweli ni kwamba fomu ile haimjui mama wa mtu. Yajua wanaolala chini ya paa lako na yajua risiti. Nami mstari ule sikuandika matumizi, niliandika mtu, na mtu hana risiti. Lau ningeandika namna pesa yenyewe inavyokwenda: dawa za presha 1,150, maji madumu mawili kwa siku, shilingi 20 kila dumu, 1,200, tokeni za stima 400, mtoto wa jirani anayemtekea maji na kumtumikia dukani, 250. Elfu tatu kamili. Risiti ya duka la dawa ninayo, ya tokeni iko kwenye simu, na maji si lazima risiti, karatasi yenye sahihi ya mwenye mkokoteni yatosha kuonyesha kwamba kitu chatumika. Mstari wa "Mama" hukatwa. Mstari wa "dawa za presha, mtegemezi" huulizwa swali moja tu: iko wapi karatasi ya daktari?

Na wanaojaza fomu hizi kwa mara ya kwanza wakumbuke, mpango huu haubebi kila deni. Lililofungwa kwa dhamana, kama la kuwekea logbuku ya gari, halimo. Utalilipa kando, kwa hivyo liandike kwenye matumizi usije ukajikuta huna pa kulitoa. Wanaokudai walio ndani ya amri, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, hawakuandami mahakamani mmoja mmoja bila ruhusa. Simu za kukutukana zilipokoma, wallahi mwezi wa kwanza nilidhani simu imeharibika.

Basi usiku wa Alhamisi nikatoa faili niandike barua ya kuomba mstari wa mama urudi. Nimejipanga kwa vita. Nikaanzia juu, kwenye mapato, ili barua iwe na mpangilio. Mshahara wangu 52,000. Toa NSSF 3,120, bima ya afya ya asilimia 2.75 ni 1,430, makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 780, kodi ya mapato 6,384. Inafika mkononi 40,286. Hiyo iko sahihi, imeandikwa kama ilivyo kwenye hati ya mshahara. (Kuna mhasibu aliyetaka awamu yote 10,500 ikatwe pamoja na sacco na mikopo ya ofisi. Nikamkumbusha Sheria ya Ajira ya 2007: makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara.)

Kisha nikafika kwa Baba watoto. Tuktuk, 700 kwa siku baada ya hesabu ya mwenye chombo na mafuta, mara siku 26, jumla 18,200.

Siku 26! Ni nani aliyeandika 26? Hati ni yangu. Mwandiko wangu mwenyewe, na hata kile kijimkia cha sita ninachokivuta kama ndoana.

Baba watoto hajafanya kazi siku 26 tangu tuoane. Ijumaa akishaswali harudi barabarani. Kila wiki mbili kuna nusu siku ya fundi, mara breki, mara kebo ya klachi. Mvua ikinyesha abiria wapo ila barabara ya Kisauni imejaa, unachoma mafuta umesimama. Daftari lake la hesabu, la miezi mitatu iliyopita, laonyesha 22, 21, 23. Wastani 22, ndiyo 15,400. Nimewapa mapato hewa ya 2,800 kila mwezi, na awamu ikapigiwa humo humo. Upungufu nimekuwa nikiuziba kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, bila kuelewa kwa nini kila tarehe 20 niko mkavu.

2,800. Mia mbili tu ifike elfu tatu ya mama.

Nilicheka mpaka Baba watoto akaamka kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Lala, ndio kwanza nimekupunguzia siku za kazi." Akasema alhamdulillah akageuka upande wa pili.

Kwa hivyo barua imekuwa mbili ndani ya moja. Kwanza daftari la hesabu, nakala ya miezi mitatu, na mapato yashuke mpaka siku 22. Mwenye pato la kutwa asiandike mwezi wake mzuri, aandike wa kawaida. Pili mama, kwa risiti. Na laini ya M-Pesa ninayolipia awamu sasa ni ya pili, haina Fuliza. Ile ya zamani, chochote kikiingia deni hujichotea kwanza. Mwezi wa tisa niliweka 10,500 za awamu nikakuta 8,900 na tarehe imefika. Tarehe yenyewe nimeiomba iwe ya 5, kwa kuwa mshahara wangu huingia kati ya 28 na 2, na mara moja uliingia 3. Usikubali siku ile ile ya mshahara.

Chakula sikukigusa, 17,000 kwa watu watano hainyooki zaidi. Nilijaribu kununua nyanya za jumla Kongowea: joto hili, siku ya nne zishalegea zinatoa maji, nikatupa robo ya sanduku. Vitunguu ndivyo vinavyokaa. Mbaazi naloweka usiku, nazichemshia makaani, natia tui la pili kwanza na la kwanza mwisho, nazi moja badala ya mbili, na hakuna aliyejua mpaka nilipojitangaza. Mtungi wa gesi wa kilo sita umefika siku 27.

Harusini kamati ilinipangia 5,000. Nilitoa 500 na mabega: nilikalia mbuzi tangu alfajiri, nikakuna nazi arubaini na kitu. Shangazi akapita, akatazama lile sinia, akasema, "Mchango wako huu twaula wote." Sijui alikuwa ananisifu au ananipiga dongo. Hilo nimeamua kutolirudia. Nina lile moja, lanitosha.

Mama sijamwambia. Jumamosi nilivuka kuchukua karatasi ya daktari, feri bure kwa mwenda kwa miguu ila matatu ya Likoni kwenda Mtongwe si bure, nikamwambia nataka kuitoa nakala isipotee. Akanipa, na ndani yake amefunga noti ya mia mbili. "Ya nauli," akasema. Nikasema sawa.

Barua naipeleka kesho. Kinachonikesha sasa ni mnazi wa nyuma. Tangu kusi ianze umeinamia bati letu, upande wanakolala watoto, na una madafu, nimeyahesabu kumi na moja. Mwenyewe yuko Lamu, hashiki simu. Mkwezi ataka 300 na kibali cha mwenye mti.