Kabla hujamlipa mhariri wa kitabu

Waandishi wengi wa Unguja na Pemba wakimaliza mswada hukimbilia kwa mchapaji, na mhariri huja kukumbukwa kurasa zimeshapangwa. Hapo ndipo pesa zinapopotea. Ukifuta aya ukurasa wa 12, zinazofuata zote husogea, orodha ya yaliyomo hailingani tena, na mpangaji kurasa anataka malipo upya.

Jua unanunua kazi gani. Mhariri wa maudhui hutazama muundo: sura ipi itangulie, mhusika gani hana kazi. Mhariri wa lugha huenda sentensi kwa sentensi: upatanisho wa kisarufi, tahajia, mhusika aliyeandikwa Bimkubwa sura ya 2 na Bi Mkubwa sura ya 9. Msoma prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa, huja mwisho kunasa yaliyoponyoka. Ukimpa yeye mswada wenye muundo mbovu, atakusafishia koma tu.

Bei ihesabiwe kwa maneno, maana kurasa za kompyuta hubadilika kwa ukubwa wa herufi. Kwa kawaida maneno 250 huhesabiwa ukurasa mmoja. Mswada wa maneno 60,000 basi ni kurasa 240. Kwa mwendo wa kurasa 5 kwa saa, uhariri wa lugha pekee ni saa 48 za kazi. Anayekuahidi kuumaliza kwa siku mbili hatausoma. Mhariri yeyote mpe kwanza kurasa 5 za majaribio, tena za katikati, kwani mwanzo kila mwandishi ameshaupiga msasa.

Fedha nyengine utaziokoa kiwandani. Vitabu vinavyochapwa kwa mitambo ya ofseti mara nyingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16. Kitabu cha kurasa 244 kinadai mafungu 16. Mhariri akipunguza 4 tu, yanatosha 15, na hiyo ni kwa kila nakala.

Sasa lugha yetu. Mhariri asiyeijua Zanzibar atageuza skuli kuwa shule, mbatata kuwa viazi, tungule kuwa nyanya, akiamini anasanifisha. Kwenye riwaya sauti ya msemaji imekufa. Kwenye shairi ni balaa zaidi: tungule ina mizani tatu, nyanya mbili, na mshororo wa mizani 16 unabaki na 15! Kwa hiyo kabla hajaanza, andikianeni maneno yasiyoguswa na kamusi itakayofuatwa. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, linafaa sana. Mazungumzo ya Mpemba yabaki anavyosema mwenyewe, masimulizi yafuate tahajia sanifu. Na mhariri awashe alama za mabadiliko kwenye programu ya kuandikia, ili kila alichofuta ukione, ukikubali au ukikatae.